Nakshi, hina, ukili au rangi: darasa lipi likufae?

Binti wa jirani yangu, aliyemaliza kidato cha nne mwaka jana, alinijia wiki iliyopita na simu mkononi. Alikuwa amepiga picha ubao wa matangazo wa kituo cha sanaa cha mtaani kwetu. Karatasi nne, madarasa manne, muhula wa miezi mitatu: kuchonga nakshi, hina, kusuka ukili, kuchora kwa rangi. Pesa alizokusanya zinatosha darasa moja tu.

"Khaloo, wewe umeyapita yote. Lipi zuri?"

Ni kweli nimeyapita yote, ila imenichukua miaka sita, maana asubuhi nasomesha skuli na jioni nina nyumba. Ukili na rangi nimemaliza na bado naendelea navyo. Hina nimemaliza lakini siifanyii kazi. Nakshi niliiacha katika mwezi wa tatu wa darasa, na sababu nitaisema. Nilimjibu kwa kumuuliza maswali, akaondoka kanuna. Haya ndiyo maswali yenyewe, nimeyaandika kwa utulivu zaidi, kwa ajili yake na kwa kila aliyesimama mbele ya ubao kama ule asijue aandike jina wapi.

Kosa ninaloliona kila muhula ni hili: mtu huchagua kitu kilichokwisha. Amepita Shangani, Mji Mkongwe wa Unguja, ameona mlango wa misumari ya shaba, moyo umemwenda mbio, Jumamosi yuko kwenye darasa la nakshi. Hakuna aliyemwambia kwamba wiki za mwanzo hachongi, ananoa. Mwengine ameona bibi harusi kapambwa mpaka viwiko, akajiandikisha hina, asijue kwamba atainama juu ya mguu wa mtu saa nne mfululizo. Kitu kilichokwisha utakitazama dakika mbili ukakiweka. Saa za kukitengeneza ndizo utakazoishi nazo.

Kwa hiyo nayapima madarasa yote manne kwa mambo matano: kama kazi yake inakatika ukaiacha na kuirudia, mfuko unaotakiwa, mwili unaotakiwa, namna mwalimu anavyofundisha na kosa linavyogharimu, na mwisho unarudi nyumbani na nini. La kwanza ndilo ninalolipa uzito kuliko yote, na ndilo watu wasilouliza.

Manne yenyewe, kwa wasioyajua

Nakshi hapa ni kuchonga mbao kwa mtindo wa milango yetu ya Mji Mkongwe. Sura mbili kubwa za milango hiyo mnazijua kwa macho hata kama hamkuwahi kuzitaja: ile yenye kizingiti cha juu kilichonyooka, ambayo huitwa ya Kiarabu, na ile yenye tao juu, ambayo huhusishwa na Wahindi. Darasani huchongi mlango. Unachonga ubao wa shubiri mbili: ua moja, halafu mnyororo wa pembeni, halafu, ukijaaliwa, ubavu wa sanduku dogo.

Hina haihitaji maelezo, ila tofauti yake na piko nitaieleza mbele, kwa sababu inanihusu.

Ukili ni msuko mrefu, mwembamba, wa ukindu. Mkeka, msala, kawa la kufunikia chakula, mkoba wa mgeni aliyeshuka uwanja wa ndege, vyote hutokana na msuko huo ulioshonwa ubavu kwa ubavu. Jamvi ni jambo jengine, lile ni la miaa na darasa hili halifundishi.

Rangi, kwenye kituo chetu, ni nusu mbili. Nusu ya kwanza ni Tingatinga, mtindo aliouanzisha Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, pale Oysterbay mjini Dar es Salaam mwaka 1968, kwa rangi za kung'aa za kupakia baiskeli juu ya mbao laini za kiwandani. Aliuawa kwa risasi mwaka 1972, kwa hiyo kazi yake yote ya kuchora ni ya miaka minne hivi, na leo hupiti kichochoro cha Mji Mkongwe bila ya kukutana na tembo wake. Nusu ya pili ni kuchora kwa akriliki, rangi inayochanganywa na maji: majahazi, paa za mabati, nyuso.

Atakayeuliza ala za udi na kanuni, hilo ni somo la peke yake, na Unguja tuna chuo cha muziki cha DCMA (Dhow Countries Music Academy) tangu mwaka 2002. Mimi sina sikio, siwezi kumshauri mtu.

Kazi inakatika?

Ukili unakatika kuliko kazi yoyote niliyopata kuishika. Mlango umebishwa, unaweka msuko chini, unafungua, unapika uji, unarudi, mkono unaendelea pale pale ulipoachia. Ukindu ukiwa umekauka unaunyunyizia maji kidogo, basi. Bibi zetu hawakusuka kwa sababu walikuwa na nafasi. Walisuka kwa sababu kazi hii iliingia kwenye nyufa za siku: baina ya alasiri na magharibi, wakati wa kungojea wali ukauke, barazani huku mdomo ukiendelea na mambo yake. Unaweza kusuka gizani umeme ukikatika. Nimefanya. Unachoshindwa kukikatisha ni hatua moja tu, nayo ni kupika rangi, maana ukindu ukizidi kwenye maji ya moto rangi moja hutoka sura mbili, na mkeka wa sura mbili hausameheki.

Rangi ya kung'aa ilinishangaza. Nilidhani kuchora kunataka mtu akae nusu siku. Kumbe Tingatinga hugawanyika vizuri sana. Unapaka usuli leo, unauacha ukauke. Kesho unaweka mwili wa ndege. Keshokutwa mabawa. Siku nyengine madoa na mistari ya pembeni kwa brashi nyembamba. Kila tabaka linataka lililo chini yake likauke, kwa hiyo rangi yenyewe inakulazimisha uondoke. Mtu mwenye nusu saa kila usiku anamaliza picha kwa wiki bila ya kunyima nyumba haki yake. Akriliki ni kinyume: inakauka ukiwa unaitazama, na kama unataka mbingu ichanganyike polepole kutoka buluu kwenda rangi ya machungwa, huna ruhusa ya kuinuka. Kwa hiyo ukijiandikisha rangi, uliza muhula huu ni wa nusu gani. Karatasi ya tangazo haisemi.

Hina ina saa mbili tofauti, na zote mbili zina ukali wake. Ya kwanza ni ya unga. Majani yaliyotwangwa na kuchekechwa kwa kitambaa chepesi hukandwa kwa maji ya ndimu, yakawekwa saa kadhaa, aghlabu usiku kucha, mpaka rangi itoke. Kwa joto letu, ikishatoka haikai, utaitumia siku ile au utaigandisha kwenye friji. Ukiikanda Alhamisi usiku halafu mteja akaahirisha Ijumaa, hasara ni yako. Saa ya pili ni ya mkono wa mtu. Ukishaanza ua kwenye kiganja huwezi kusema subiri nikamtazame mtoto. Bibi harusi, mikono mpaka viwiko na miguu mpaka muundi, ni kazi ya siku nzima, na mara nyingi ni siku ambayo nyumba imejaa watu na kila mmoja ana rai yake.

Nakshi haikatiki, hapo ndipo iliponishinda. Si kwamba ubao utaharibika ukiuacha, ubao unangoja mwaka. Ni wewe. Kuufunga ubao kwenye meza usicheze, kupanga patasi, kugusa makali, kuuzoesha mkono pigo jepesi na zito, hayo peke yake ni nusu saa, na ladha ya kazi huja baada ya hapo. Halafu inapiga kelele. Mimi nilikuwa napata muda wa saa moja tu, kuanzia saa tatu usiku, watoto wamelala. Huwezi kugonga patasi saa tatu usiku kwenye nyumba ya Kikwajuni yenye ukuta mmoja na jirani. Fundi aliniambia bila ya kunitukana: "Mwalimu, wewe mkono unao. Saa huna." Nikamwelewa.

Kuna na majira, nalo hulisikii mpaka likukute. Muhula wa masika, Machi mpaka Mei, si muhula wa kila kitu. Rangi ya kung'aa inayokauka kwa siku moja wakati wa kipupwe inaweza kukaa siku mbili bado inanata, na mdudu akaganda katikati ya jicho la twiga. Ukindu uliofungwa vibaya huota kuvu. Hina na nakshi zinavumilia zaidi, ingawa ubao uliochongwa mbichi kwenye mvua utakuja kupasuka kaskazi ikianza.

Mfuko

Sitaji bei maana zinabadilika kuliko ninavyoandika. Nasema kipi kinanunuliwa mara moja na kipi kila mwezi.

Ukili ni rahisi kuuanza: fungu la ukindu, rangi za unga, mkasi, sindano nene ya kushonea na sufuria moja. Hiyo sufuria usiirudishe jikoni kupikia chakula, iwe ya rangi maisha yake yote. Aliyeko Pemba ana nafuu, ukindu anaupata karibu na hupewa hata na jirani. Mjini Unguja unanunua kila fungu.

Hina pia ni nyepesi: unga, ndimu, sukari kidogo, plastiki ya kukunjia koni, na mafuta ya kuitia nguvu. Wengi hapa hutia mafuta ya karafuu, na hufanya kazi kweli, ila karafuu ni kali na ngozi nyengine huwasha, kwa hiyo matone tu. Usivutiwe na koni za dukani zilizokaa rafuni miezi mitano na bado zinatoa rangi. Hina ya kweli hupoteza nguvu kwa siku chache nje ya friji. Iliyokaa miezi na bado inapaka, kilichomo ndani yake si majani peke yake.

Rangi iko katikati. Makopo madogo ya rangi za kung'aa yanauzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, na kwa nyekundu, buluu, manjano, nyeupe na nyeusi unachanganya nyengine zote. Kinachokula pesa ni brashi nyembamba. Ukisahau kuiosha usiku mmoja, asubuhi ni kijiti.

Nakshi ndiyo ghali, na inachelewa kurudisha. Kituo kina vyombo vya kuazima darasani, lakini mwanafunzi asiye na vyombo vyake nyumbani hasogei. Ushauri wa fundi wetu, ambao naona ni wa haki: usinunue seti nzima inayong'aa. Nunua vitatu, patasi bapa mbili na bobari moja (patasi ya makali yaliyopinda), hata vya mtumba, mradi chuma ni kizuri, na kinoo cha maana. Mbao za kujifunzia aliziokota kwa maseremala, vipande vya mwembe na mfenesi. Mvule na msaji alituambia tuvisahau mpaka mwaka wa pili.

Mwili

Nakshi inataka mabega na vifundo vya mikono, lakini zaidi inataka mapafu. Vumbi la mvule linawasha pua na ngozi za watu wengi, na la msaji halikuachwa nyuma. Mwenye pumu aende kwanza akakae dakika kumi ndani ya karakana kabla ya kulipa kitu.

Rangi ya kung'aa na kiyeyushio chake vina harufu inayopanda kichwani. Chora dirisha likiwa wazi, na mjamzito angoje au achague akriliki.

Ukili hauna sumu ila una sakafu. Masaa mawili umekaa chini miguu imenyooka, mgongo utajua. Vidole hupasuka ncha wiki za mwanzo, halafu huota ngozi yake. Macho yakishazeeka si hoja, kama nilivyosema, hata gizani.

Hina inakula shingo, na inataka mkono usiotetemeka. Na sasa piko. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na tisa, harusi ya binamu yangu, nikapakwa maua mekundu ya hina na pembeni yake mistari myeusi ya piko, uzuri wa kuua. Siku ya tatu mistari ile ikaanza kuvimba. Malengelenge yalifuata ua lile lile, jani kwa jani, kama mtu kayachora kwa moto, na kovu nilikaa nalo mwaka. Aliyenipaka hakuwa na nia mbaya, alitumia alichofundishwa. Piko nyeusi aghlabu ni rangi ya nywele, na ndani yake kuna kemikali iitwayo PPD. Ulaya inaruhusiwa kwenye rangi za nywele kwa kiwango kisichozidi asilimia 2, na kwenye ngozi hairuhusiwi kabisa. Ubaya wake ni kwamba mwili ukishaikataa mara moja hausahau. Mimi leo nina mvi na siwezi kutia rangi kichwani. Kwa hiyo ukienda kwenye darasa la hina, swali la kwanza liwe: mnafundisha na piko? Kituo chetu kilishaiacha, wanafundisha kuikoza hina yenyewe mpaka iwe ya kahawia nzito. Vyengine bado, kwa sababu wateja wanaitaka nyeusi na wanaitaka leo, na hina ya kweli huanza na rangi ya chungwa ikakolea siku ya pili.

Mwalimu, na kosa linavyogharimu

Tabia yako ukiwa umekosea ndiyo inayosema zaidi hapa.

Kwenye nakshi, kipande kilichoruka hakirudi. Umepiga kinyume na nyuzi za ubao, jani la ua limekatika, basi, ama unabadilisha ua zima liwe dogo zaidi ama unaanza ubao mwengine. Fundi wetu alikuwa mtu wa maneno machache. Wiki mbili tulikuwa na bikari, rula na karatasi tu, tukichora maua na kugawa duara mara sita, mara nane, mara kumi na mbili. Halafu wiki za kunoa. Hakusifu. Akiridhika alipitisha kidole gumba juu ya kazi yako akaenda kwa mwengine, na darasa zima likakuonea wivu. Kuna watu wanachanua chini ya mwalimu wa namna hiyo. Kuna wengine wanalia garini.

Kwenye ukili kosa ni bure, unafumua hatua tano nyuma na kuendelea. Tabu ni kwamba mwalimu haelezi. Wetu alikuwa bibi wa Wete aliyehamia kwa mwanawe, na mikono yake ilikuwa inakwenda kasi mpaka huoni kitu. Nikamwomba aende polepole, akaenda polepole, akapotea yeye mwenyewe njiani. Mikono yake haikuwa na mwendo wa polepole. Ndipo akanambia: "Usitazame mikono yangu, mwanangu. Tazama ukindu unakwenda wapi." Kuanzia hapo nikaelewa. Anayetaka hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu zilizoandikwa ubaoni atateseka mwezi wa mwanzo.

Hina iko baina ya hayo mawili. Kosa ukiliwahi kwa pamba iliyorowa linafutika, ukichelewa kidogo linaacha kivuli, na fundi mzuri hukigeuza kivuli kuwa jani. Unafunza mkono juu ya karatasi ya plastiki, halafu juu ya mguu wako mwenyewe, halafu juu ya wenzako. Darasa hili lina kicheko kuliko yote, na ndilo pekee ambamo mwanafunzi huondoka na kazi ya mwenzake mwilini.

Rangi, unasubiri ikauke halafu unapaka juu yake. Kosa halionekani tena. Hilo ni zuri na ni baya. Tingatinga hufundishwa kwa kunakili, na si aibu, ndivyo ulivyopita kutoka kwa mwanzilishi kwenda kwa jamaa zake na vijana waliomzunguka. Lakini nimeona wenzangu walionakili twiga yule yule muhula mzima, wakamaliza wakiwa hodari wa twiga mmoja. Uliza kama mwezi wa tatu kuna picha ya kubuni mwenyewe. Kama hakuna, unajifunza kiwanda.

Unarudi na nini, na nani anakinunua

Hina inalipa upesi, na sababu yake inachekesha: ni sanaa inayofutika. Wiki mbili au tatu imekwisha, na mteja yule yule anarudi. Usiku wa kuamkia Idi fundi wa hina halali. Kabla ya Ramadhani na baada yake harusi hujazana. Miezi myengine ni kimya, na anayeitegemea peke yake aweke akiba. Mimi siifanyii kazi kwa sababu mbili: shingo, na moyo wangu haujatulia nikikumbuka mkono wangu wa miaka kumi na tisa.

Ukili una wateja wawili wasiofanana. Wa kwanza ni sisi: mikeka ya harusi, misala, makawa. Mteja huyu anajua kazi, anageuza mkeka upande wa chini kutazama mshono, na siku hizi mikeka ya plastiki imemvuta. Wa pili ni mgeni, anayetaka mkoba, kikapu, kitu cha kuingia kwenye begi lake. Huyu hulipa zaidi kwa kitu kidogo kuliko yule kwa mkeka mzima, lakini aghlabu humfikii wewe, unamfikia kupitia duka au kikundi cha akina mama. Aliyeko kijijini Pemba akiingia kikundi ana njia ya mauzo. Aliye peke yake mjini atauza ukili mtupu kwa pima, wengine wakaushone.

Picha zina soko lililojaa. Mitaa ya Hurumzi na Gizenga, na ndani ya Ngome Kongwe, twiga wamepangwa kama sabuni. Unaweza kuuza, ila utashindana kwa bei mpaka uwe na mkono unaotambulika. Mchoraji ninayemjua aliyejitenga na wengine alianza kuchora bandari ya Malindi alfajiri, wachukuzi na vikapu vya dagaa. Hakubadilisha rangi wala mtindo, alibadilisha alichokitazama.

Nakshi hairudishi kitu mwaka wa kwanza. Anayevumilia anaweza kuingia karakana ya milango na masanduku kama msaidizi, na hapo ndipo anapojifunza kwa kweli. Muhula wa kituoni ni kubisha hodi tu. Na anayetaka cheti cha kumtambulisha kazini ajue kwamba karatasi ya kituo cha mtaani siyo cheti cha Mamlaka ya Mafunzo ya Amali. Kwa hicho kuna vituo vyake, kama vile Mwanakwerekwe na Mkokotoni kwa Unguja, Vitongoji kwa Pemba, na aulize huko useremala na ushoni.

Kwa hali yako

Mwenye watoto wadogo na siku iliyokatwakatwa, aangalie ukili kwanza, halafu Tingatinga. Ila kama nyumba ina chumba kimoja na mtoto anayetambaa, makopo ya rangi yaliyo wazi si ya kwake kwa sasa.

Anayetaka pesa kabla ya mwaka kwisha na ana usiku wake huru, hina, kwa sharti la piko nililolitaja. Ajiandikishe muhula utakaokwisha miezi miwili mitatu kabla ya Idi, apate muda wa kuharibu miguu ya ndugu zake kwanza.

Kijana aliyemaliza skuli, hana ajira, ana siku nzima na hakimbii kukaripiwa, nakshi inamfaa kuliko inavyonifaa mimi, na wasichana wasiogope. Darasani kwetu tulikuwa wawili na hakuna aliyetutoa. Lakini kijana huyo huyo akiwa ndiye anayelisha nyumba, miezi ya kunoa bila ya senti itamvunja. Afanye hina au ukili wa mikoba, ajiwekee akiba ya patasi.

Aliyestaafu, hasa mwenye upweke, asichague kwa kitu bali kwa watu. Darasa la ukili lina mazungumzo. La nakshi lina kimya chenye heshima. La rangi kila mtu yuko na picha yake.

Mgeni wa wiki moja, au mwenyeji anayejaribu, warsha ya saa mbili si ya kudharauliwa. Ukili na hina zitakupa kitu cha kuonesha siku hiyo hiyo. Nakshi ya saa mbili ni picha ya simu umeshika patasi.

Kisha, kabla ya kulipa, nenda ukakae darasa moja bila ya kugusa kitu. Vituo vingi havikatazi. Usitazame meza yenye kazi zilizokwisha karibu na mlango. Tazama mwanafunzi wa wiki ya tatu, mkono wake unafanya nini, na ujiulize kama hicho ndicho unachotaka kukifanya Jumanne usiku umechoka.

Binti wa jirani amepitia jana, kununa kwake kumekwisha. Jumamosi saa nne anakwenda kukaa na wachongaji, na saa nane na wale wa hina. Nimempa mtandio wangu wa zamani ajifunge puani. Siku hizi karakana imeletewa vipande vya mvule.